Nyayo za Ng'ombe Aliyepotea Kwenye Fomu

Mzee Enoka Nyang'ombe aliingia ofisini kwetu Ijumaa saa mbili asubuhi, akaegemeza fimbo yake ukutani, akasema bila salamu, "Nimekuja kufuata ng'ombe yangu."

Msomaji wa kwingine anaweza kucheka. Huku mkoani Mara sentensi hiyo haichekeshi hata kidogo, maana anayeisema huwa na watu nyuma yake, na watu hao hawaji mikono mitupu. Mkurugenzi wetu, Gody, ambaye dakika moja kabla alikuwa mlangoni na chai na maandazi, alijifungia chumbani kwake. Nikabaki mimi, Werema Mangara, mtengeneza fomu, nimevaa kitambulisho cha shingoni ambacho Gody alikuwa ametulazimisha kuvaa ili tufanane na kampuni kubwa.

Nyuma ya mzee hapakuwa na kundi. Alikuwepo binti yake tu, Tabitha, na bahasha ya kaki mkononi. Nilimfahamu. Alikuja kutoka Butiama Jumatatu, akaja tena Jumatano, na mara zote mbili nilimwambia ajaribu tena baadaye. Ndivyo tunavyowaambia watu tukishajua kwamba baadaye haitasaidia kitu.

"Mzee, hapa hatufugi," nikasema.

"Naona. Mngekuwa mnafuga msingekuwa wembamba hivi. Ng'ombe yangu imeingia kwenye fomu yenu, haijatoka."

Hapo nikamwelewa.

Kampuni yetu iko Buhare, Musoma. Ilianzishwa na marafiki wawili, Gody na Kasmiri, wakaiita Godkas Teknolojia na kuliandika jina hilo kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Miaka miwili baadaye wakagombana, kwa sababu Kasmiri alitaka iitwe Kasgod. Ni watu wazima, wana digrii, mmoja ni mzee wa kanisa. Kasmiri akarudi kwao Nyasura, Bunda, akabeba seva na nywila zake zote. Gody naye akapaka chokaa herufi tatu za mwisho. Tangu siku hiyo tunaitwa GOD Teknolojia, na wachungaji wawili wameshafika kuuliza tunamaanisha nini.

Kwa kuwa mteja mmoja, chuo cha uuguzi, alikuwa amesaini mkataba na wote wawili, fomu yake ya maombi ikatengenezwa vipande viwili. Upande wa simu ni wangu. Ukiandika jina na kuondoa kidole kwenye kisanduku, tukio hilo linaishia mkononi mwako: simu yenyewe inakagua, kisanduku kinakuwa kijani au chekundu, na seva haina habari. Ukibonyeza WASILISHA, hapo ndipo jina linaposafiri kwenda Bunda kwa Kasmiri, likakaguliwe upya na seva. Ni kama zahanati: muuguzi wa dirishani anakuuliza unaumwa nini, na daktari wa ndani anakuuliza tena. Wakisikilizana hao wawili, mgonjwa anapona. Wa kwetu walikuwa hawajasalimiana kwa miezi saba.

Sasa, seva ya Kasmiri ilikuwa inaanguka kifudifudi kila ilipokutana na kile kialama kidogo cha juu tunachokiandika kwenye ng'. Katika mkoa huu! Wenye ng'ombe wote hawa, na watu waliopewa majina kwa ajili ya ng'ombe hao. Tuliliona kosa kabla fomu haijafunguliwa, na dawa yake ilikuwa simu moja tu ya kwenda Bunda. Gody akasema hawezi kumpigia yule mtu. Akaniagiza nizuie mapema, upande wetu: mtu akiandika ng', kisanduku kiwe chekundu na kimwambie, "Jina lina alama isiyoruhusiwa." Seva ilikuwa na ugonjwa, tukawaweka karantini watu wenye majina. Ilinichukua mistari minne, na Gody akanipongeza.

Tabitha akaandika jina lake kama lilivyo, simu ikamkatalia. Akaondoa kialama, akawa Nyangombe, kisanduku kikang'aa kijani, akabonyeza. Seva ikalinganisha na orodha ya vyeti vya kidato cha nne, ambako jina limeandikwa vizuri, ikamjibu, "Jina halilingani na cheti." Dirishani anaambiwa vua, ndani anaambiwa vaa. Alizunguka hivyo mara ishirini na mbili. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi jioni, na akikosa angesubiri mwaka mzima. Mwaka mmoja alikuwa ameshausubiri, akimuuguza mama yake mpaka wakamzika.

"Nimeona jina langu kwenye simu ya huyu," mzee akasema. "Limeandikwa Nyangombe. Nikamuuliza, ng'ombe iko wapi? Akanijibu fomu imeikataa. Babu yangu alikuwaga na zizi watu wanatoka mbali kuja kuliangalia tu, ndio maana wakamwita hivyo. Nyangombe ni nani? Sina ndugu anaitwaga hivyo."

Gody alikuwa anasikiliza kupitia mlango. Alipohakikisha kwamba wageni ni wawili tu, akatoka, ameweka tai sawa.

"Shikamoo mzee. Hiyo ni ishu ndogo. Nenda kwa wakili na binti, aape kwamba Nyang'ombe na Nyangombe ni mtu mmoja, halafu chuo kibadilishiwe rekodi. Kubadilisha jina ni nusu saa. Kubadilisha mfumo ni mchakato."

Mzee hakuitikia shikamoo yake.

"Nina miaka sabini na moja," akasema polepole. "Nimeibiwa ng'ombe mara tatu. Wezi wamenipiga, mmoja amenivunja mkono huu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niende kwa wakili nikaape kwamba sikuwahi kuwa nayo."

Nilitamani sakafu inimeze. Gody, yeye, alitamani mzee atoke, basi akatumia maneno ambayo huwa yanawatoa watu. "Kwa vyovyote tatizo liko upande wa seva. Na seva haiko kwetu, iko Bunda."

"Bunda kwa nani?"

"Kwa mtu anaitwa Kasmiri. Nyasura."

Mzee akachukua fimbo yake, akanigeukia. "Kijana, wewe ndiye utaonyesha nyayo."

Huku kwetu ng'ombe akiibiwa hupigwa yowe na watu hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijijini kwako una mawili: uonyeshe zilikoelekea, au ulipe. Kusema ulikuwa umelala hakusaidii. Gody amezaliwa na kukulia huku, anaijua sheria hiyo kuliko anavyoijua kompyuta, na bado aliwaelekeza wafuatiliaji kwa mwenzake kwa kidole chake mwenyewe. Alifurahi hata akanipa kompyuta ya ofisi nisafiri nayo.

Tulifika Bunda saa sita na nusu. Kasmiri alikuwa sebuleni kwake anakula ugali kwa samaki wa sato. Pembeni ya kabati, juu ya stuli, ilikuwepo seva yenyewe, ile ambayo kwenye tovuti yetu tunaiita kituo cha data. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi.

"Karibuni tule," akasema.

"Hatuli," mzee akajibu. "Tunafuata nyayo."

Kasmiri akaweka tonge chini. Nilipomaliza kumweleza, alijua la kusema, maana alikuwa amelisubiri miezi saba. "Kosa ni la Musoma. Wao ndio wanazuia majina ya watu. Mimi seva yangu inasubiri tu, hailetewi kitu."

"Kama nyayo zimetoka kwako, zitoe nje tuzione."

"Gody aniandikie barua. Na juu ya hiyo barua jina la kampuni liwe limekamilika, herufi zote sita. Hapo nitaangalia."

Niliona uso wa Tabitha. Hakulia wala hakubembeleza. Alitazama saa ya ukutani kwa Kasmiri, ambayo ilikuwa imesimama, halafu akatazama saa ya simu yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka Werema, ile inayozuia si uliandika wewe? Itoe basi, tuone nyayo zinaishia wapi."

Nilijua kwamba nikiitoa bila ruhusa ya Gody kazi yangu imekwisha. Nilijua pia kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na tembo wenyewe hapa mmoja alikuwa na tai na mwingine kitambaa cha kufuma. Hasira ilinipanda, na ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, nikafuta mistari yangu minne.

"Jaribu."

Tabitha akaandika Nyang'ombe, akatoa kidole. Kisanduku kikawa kijani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu simu yake mwenyewe ilikubali kwamba yeye ni nani. Akabonyeza WASILISHA. Chini ya kitambaa kitu kikalia, feni ikakohoa, na simu ikawa nyeupe: "Hitilafu ya seva."

"Zimeishia hapa," Tabitha akasema.

Mzee akavuta kiti, akakaa katikati ya Kasmiri na sahani yake. Fimbo akailaza mapajani. "Mwanangu, umeona mwenyewe. Zimeingia, hazijatoka. Mimi sikutishi, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini hapa sitoki, na wewe hutakula, mpaka ng'ombe itoke."

Kasmiri alibisha. Alitaja usalama, akasema wezi wa mtandao hupenya kwenye kialama kile kile, kwa hiyo ng' ni hatari. Mzee akamuuliza kama kwa sababu wezi hupita mlangoni yeye alijenga nyumba bila mlango. Kasmiri akataja barua tena. Akataja heshima. Sato akapoa, akaanza kukauka mkia. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, na mzee akaanza kusinzia kwa namna ya mtu ambaye yuko tayari kulala hapo hadi Jumapili. Hapo mke wa Kasmiri akatokea jikoni, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, "Baba nanihii, mpe mzee ng'ombe yake!"

Kazi iliyogombanisha watu wazima miezi saba ikachukua dakika ishirini na tano, na kumi kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani.

Saa tisa na dakika hamsini Tabitha akabonyeza kwa mara ya ishirini na nne. "Ombi limepokelewa. Asante, Tabitha." Akalisoma mara mbili, akalipiga picha, akamwonyesha baba yake. Mzee akasimama, akamwambia Kasmiri, "Sasa kula." Nilifurahi sana, na nilikuwa na aibu sawasawa na furaha hiyo.

Gody hakunifukuza. Alipoona watu wa ng' wanaanza kumiminika kwenye mfumo dakika zile za mwisho aliweka bango mtandaoni: "GOD Teknolojia yarudisha heshima ya majina yetu." Wachungaji wakaja tena.

Mwezi uliofuata majibu yakatoka, na wiki chache baadaye Mzee Enoka akaja ofisini mara ya pili, safari hii ameshika karatasi ya orodha ya waliochaguliwa. Gody akajifungia kabla hata ya salamu.

"Binti kapata," mzee akasema. "Ameshaanza masomo. Sasa nisomee hapa."

Nikasoma jina alilolishika kwa ukucha. Tabitha Enoka Nyang, halafu alama ya na (&), alama ya reli (#), namba thelathini na tisa, nukta-mkato, kisha ombe. Kasmiri alikuwa ameikubali ng' kwa shingo upande. Badala ya kuiandikia kialama chake, seva iliandika namba ambayo kwayo kompyuta hukiita kialama hicho kwa siri. Nikaanza kumweleza mzee.

"Usihangaike, hii naijua," akanikata. "Wamemvika hereni. Siku hizi ng'ombe zangu zote zina hereni masikioni, kila moja na namba yake. Huyu wangu ni wa thelathini na tisa. Na kitambulisho cha chuo wameandika hivyo hivyo. Wenzake wanamwita Sista Thelathini na Tisa."

"Anasemaje?"

"Anaitika. Anasema mwenye hereni anatafutwaga akipotea."

Akakunja karatasi taratibu. Ndipo macho yake yalipotua kifuani kwangu, kwenye kile kitambulisho cha kampuni. Akakiinua kwa kidole kimoja, akakisogeza mbali kidogo ili asome vizuri.

"Werema Mangara. Namba sifuri saba. Wa wapi wewe?"

"Butiama, mzee."

"Butiama hakuna Mangara. Kuna Mang'ara. Mzee Mang'ara nimembeba jeneza lake kwa bega hili."

"Ni babu yangu."

"Sasa yako ilichukuliwa na nani?"

Sikuwa na wa kumsingizia. Nikamwambia ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa chuo kikuu, fomu ya usajili iligoma, kisanduku kikawa chekundu, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na watu walikuwa wananung'unika.

"Ukafuata nyayo?"

"Hapana, mzee. Nilifuta kialama, nikabonyeza Wasilisha."

Akaachia kitambulisho kikaanguka kifuani kwangu. Akanitazama kama mtu anayesoma chapa ya mnyama asiye wake, akachukua fimbo yake ukutani, akaondoka bila kuniaga.