Maneno ya Haraka ya Bwana Mkubwa

Nyapara wetu, Gregory, alikuwa na maneno matano ya Kiingereza ya kutukimbizia, na mimi nayachukia yote mpaka leo. Kwikli. Fasti. Swiftli. Rapidli. Spidili. Bwana mkubwa mwenye mgodi, kule porini nje ya Geita, ndiye aliyemjaza maneno hayo, naye Gregory akawa anatupanga mstari kila asubuhi tuyaitikie kama wanafunzi wa katekisimu. Nikamwuliza yana tofauti gani. Akasema yote ni haraka, ila moja linazidi lingine: kwikli ni haraka ya kuanzia kazi, rapidli ni haraka ya Bwana akiwa amesimama karibu.

"Na polepole wanasemaje?"

"Hilo halina kazi hapa, Makoye," akanijibu, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kabla ya ujinga ule tulikuwa tunavuta ndoo kutoka shimoni kwa wimbo. Watu wanne kwenye winchi ya mkono, wawili kila upande, na manju, mwongoza wimbo, ni mimi, kama nilivyokuwa manju kwetu Shinyanga watu walipoitana kulimiana mashamba. Manju haimbi kujifurahisha. Macho yangu yalikuwa kwenye kamba, nilipofunga kitambaa cha alama. Kamba ikiwa nyepesi, ubeti mfupi, mikono inakwenda mbio. Kitambaa kikitokeza, najua ndoo imelikaribia jiwe lililochomoza ukutani mwa shimo. Naurefusha ubeti, wote wanne wanalegeza kwa pamoja, ndoo inapita salama. Na ndani ya ndoo kulikuwa na mtu. Wachimbaji walishuka na kupanda humo humo, akiwemo kaka yangu Bujiku, tumbo moja na mimi.

Bwana akasema wimbo unatuchelewesha. Eti tukiimba tunastarehe! Akaupiga marufuku, na tangu siku hiyo mwenye ruhusa ya kufungua mdomo pembeni ya shimo akawa Gregory peke yake, na fimbo yake, na maneno yake. Kila mtu akayapokea kwa mkono wake: Ngassa anasukuma kwa rapidli, Mihayo bado yuko kwenye kwikli. Ndoo ikawa inayumba kama mlevi. Nilimwambia Gregory waziwazi, "Utaua mtu wewe." Akanijibu kwamba Bwana hakunileta pale kufikiri.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Bujiku alitikisa kamba kuomba kupandishwa. Gregory alikuwa na njaa, akayamwaga yote matano kwa mkupuo mmoja. Nikakiona kitambaa kinatokeza, nikaanza kuimba, marufuku au si marufuku. Gregory akanichapa fimbo ya mdomo. Ndoo ikalikwaa jiwe, ikapinduka. "Yaya! Yaya!" Ngassa akapiga kelele kwa Kisukuma, hapana, hapana, akikataa kile ambacho sote tumekisikia, kaka yangu akianguka mpaka chini.

Tulimtoa akiwa hai, paja limevunjika, tumbo linazidi kujaa. "Nipelekeni kwa daktari," akasema, basi. Lori la mgodi lilikuwa limesimama kivulini pale pale, lakini dereva hakuthubutu kuliwasha bila ruhusa. Nikakimbia hadi barazani kwa Bwana, nikamkuta mezani. Sikumwamkia. Damu ikinitoka mdomoni nilimfokea kwa maneno yake mwenyewe: kwikli, fasti, swiftli, rapidli, spidili! Lori! Kaka yangu anakufa!

Akainua mkono wenye uma.

"Polepole," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa. "Kwanza nile."

Kumbe neno hilo alikuwa nalo! Nilitaka kuipindua ile meza juu yake. Mihayo alinivuta kwa nguvu, akaniambia nimfikirie Bujiku kwanza.

Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, tukakibeba mabegani kushika barabara ya hospitali. Niliimba kwa mdomo ule uliopasuka, ubeti mrefu, ili hatua zetu zilingane na kitanda kisimtikise. Alikuwa anapumua vizuri. Tulikuwa tumekwisha kupita nusu ya njia tuliposikia lori nyuma yetu.

Nikasema afadhali, Bwana ameshiba. Tukakitua kitanda kando, nikasimama katikati ya barabara nikipunga mikono yote miwili. Dereva akapiga honi. Gregory akatoa kichwa dirishani.

"Pisheni! Tunawahi kivuko! Ndoo imebonyea, Bwana anataka nyingine kutoka Mwanza leo leo!"

Niliruka pembeni, vinginevyo lingenipitia. Nyuma lilikuwa tupu, turubai tu linapepea. Vumbi likamfunika Bujiku mwili mzima. Nilipomfuta uso kwa shuka, hakupepesa macho. Nililitukana lori lile kwa Kisukuma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chao, mpaka Ngassa akanishika mabega akaniambia nimsaidie kumfumba kaka macho.