Sabufa Kwenye Kiti cha Mwenye Nyumba

Fundi cherehani alipofungua mlango wa sebule yake, alimkuta mumewe anatambaa sakafuni, makalio juu, sikio moja limeelekea ukutani. Kwenye kiti cha mzee huyo lilikuwa limekaa sabufa jipya la kupigia besi, kubwa kama banda la mbuzi, limejiegemeza kama mkwe anayengoja chai. Lilinguruma wimbo uleule bila kuchoka. Vikombe vilikuwa vinacheza kabatini, na paka wa jirani alikuwa ameshahama. Wanaomjua paka huyo wanasema hadi leo masharubu yake hayajaacha kutetemeka.

"Mume wangu, umedondosha nini?"

"Tulia kidogo, napima besi. Aliyeniuzia kasema niliweke sabufa pale ninapokaa mimi, kisha nitambae nikisikiliza. Panaposikika vizuri, hapo ndipo mahali pake."

Akatambaa mpaka kona ya dirishani, akafumba macho kwa raha. "Hapa! Safi kabisa. Cherehani chako kitahamia stoo."

Stoo! Damu ikamchemka mama wa watu. Stoo haikuwa na dirisha hata la kupitisha mende. Kona ile ndiyo yenye mwanga, sare za shule za mtaa mzima zilishonwa hapo, na kwa mwanga wa taa macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano.

"Yaani nifukuzwe kwangu na sanduku?" aling'aka. "Limekuja leo, limepewa kiti, sasa linataka dirisha. Kesho litaomba upande wangu wa kitanda!"

"Si mimi, mama, ni sauti yenyewe. Kona nyingine zote besi inavimba, hapa tu imetulia."

"Imetulia kwa sababu kiti kiko pale. Kiti kikihama je?"

Mzee akageuka kukitazama kiti. Kiti kile kilikuwa kimekaa mahali pamoja mpaka miguu yake imechimba sakafu. Mkewe hakungoja jibu. Alikisukuma, sabufa juu yake likinguruma, kwa hasira ya kuvuta lori lililokwama, akakitua mbele ya mlango wa bafu.

"Haya, tambaa tena."

Akatambaa, huku akiyalilia magoti. Dirishani besi ilikuwa imekonda kama mbu. Kando ya kabati ikavimba. Alipofika penye rafu ya viatu, akaacha kutambaa.

"Vipi hapo?"

"Hapa... hapana kitu," alisema, lakini kichwa chake kilikuwa tayari kinafuata mdundo.

"Mwongo wewe! Shingo imeshakusaliti."

Sabufa likawekwa penye viatu. Mzee akalipunguza sauti kidogo kidogo, mpaka likawa linasema pamoja na spika ndogo zilizokuja nalo kama kinywa kimoja.

Tangu hapo anasikiliza muziki mtamu ajabu, kitini pale pale mlangoni pa bafu, na kila anayekwenda kuoga anaruka miguu yake. Akithubutu kulalamika, cherehani kinamjibu kwa kasi kutoka dirishani, na mwenye cherehani hajapoa bado.