Kilo za Leonidasi

"Kilo sita na gramu mia mbili," nilitangaza, nikamtoa mtoto kwenye mzani. Mama yake, Speciosa, alimfunga mgongoni, kisha akaniuliza Leonidasi wangu amefikisha kilo ngapi.

"Kumi na moja," nikajibu.

Leonidasi hakuwepo. Hiyo ilikuwa kambi ya Benaco, mwaka 1995, katika hema la lishe la wakimbizi wa Rwanda. Mimi ni mzaliwa wa Ngara; waliniajiri kupima watoto kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha yao vinasikilizana. Siku ya kwanza tu wanawake wale waliniuliza mimi ni mama nani, maana kwao kama kwetu mwanamke mzima haitwi kwa jina lake tupu. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa na sijawahi kukosa siku zangu hata mwezi mmoja. Nikataja jina la marehemu babu yangu. Basi nikawa Mama Leonidasi, hadi kwa wauguzi.

Kila mwezi tumbo lilinikamata siku tano, nikitembea nimejikunja. Sikulia. Watoto sitini kwa siku walipita mikononi mwangu na sikuhisi kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Siku moja nilianguka chini ya mzani, wenzangu wakanipeleka kwa daktari wa upasuaji, mzungu wa makamo aliyebakiza wiki mbili kurudi kwao. Alinipima kwa mashine ya picha, akaeleza kirefu, na Sista Restuta, muuguzi kutoka Biharamulo, akanitafsiria. Nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake. Kila mwezi ilivuja damu ikakosa pa kutokea, na sasa imegandisha viungo pamoja.

"Anasema, kwa kuwa mtoto unaye, ni afadhali atoe kizazi chote pamoja na vifuko vya mayai. Maumivu yataisha," alisema Restuta. "Asiye na mtoto angemkwangua tu, akaacha kinachofaa, ingawa ugonjwa unaweza kurudi na mimba si ya uhakika. Kafikirie, uje Ijumaa."

Na mimi, mjinga, nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, Alfonce, habari zote za kisu, ila la Leonidasi nikalimeza. Alikuwa akimenya ndizi. Kwa sababu yangu alishajifunza kazi za jikoni, na majirani walimcheka.

"Nisiporudi huko kabisa?" nilimwuliza.

Alimenya ndizi mbili kabla ya kujibu. "Nikikuona unatambaa kwenda jikoni, mtoto namsahau. Ukiinuka, namkumbuka tena. Usiniulize mimi, Auleria."

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu niliona kwamba katika miaka sita ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli. Nisipopasuliwa, ningebaki na matumaini yote na maumivu yote. Nikitolewa kila kitu, ningepona, na mlango ungefungwa kwa sababu ya mtoto wa uongo. Nikachagua kukwanguliwa. Lakini ili nikwanguliwe, ilibidi niseme.

Ijumaa nilisema, "Sista, mwambie daktari Leonidasi hayupo."

Restuta aliweka kalamu chini. "Yesu wangu! Lini?"

Nilifungua mdomo niseme hajawahi kuwepo. Nyuma ya turubai, foleni ilikuwa imenyamaza ikitusikiliza.

"Mwaka jana," nikasema.

Daktari alipotafsiriwa aliinamisha kichwa. Alisema ataacha kila kinachoweza kuachwa.

Jioni ile Speciosa alinikuta nimeketi chini nikifungasha mzani. Alikuwa na maharage ya mgawo wake kwenye pindo la kitenge. Aliyamimina mapajani mwangu, akaketi chini kando yangu kama watu wanavyoketi msibani.

"Usione haya kwa zile kilo," alisema. "Hata mimi, yule niliyemzika njiani huwa namwongezea."

Hapo nililia, kwa aibu, mbele ya mtu aliyezika mtoto wa kweli. Alinishika mkono hadi nikamaliza.

Nilipasuliwa. Kifuko kimoja kilitolewa, kingine kikaachwa. Nikiwa bado kitandani, wauguzi walikuja mmoja mmoja kumpa Alfonce pole ya mtoto. Aliwatazama, akanitazama mimi. "Tumeshapoa," aliwajibu wote, na hakuniuliza lolote.

Mwaka uliofuata, Desemba, kambi ilihamishwa yote, Speciosa akaenda na wenzake. Maumivu yalipungua, yakarudi kidogo, kisha umri ukayamaliza. Mimba haikuja. Sijutii kisu kile, wala siwezi kusema kilinifurahisha.

Kila Novemba tunapeleka parokiani majina ya marehemu wetu yasomwe kwenye misa. Alfonce ndiye mwandishi, ana mwandiko mzuri. Mwaka jana nilimtajia baba yake, mama yake, kisha Leonidasi. Akaandika.

"Na Leonidasi," nikasema.

"Babu nimeshamwandika."

"Si babu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha akaandika jina lile mara ya pili, taratibu, chini ya la kwanza.