Manyoya ya Paka wa Kiajemi

Nyanjige alirudi kutoka kisimani akiwa hoi, akamkuta paka wa mjukuu wake amelala katikati ya pamba. Pamba yake yote ya msimu ilikuwa imetandazwa mkekani uani ichambuliwe, na kesho yake karani wa ushirika angeipima hapo Dutwa.

Paka mwenyewe alikuwa mweupe kama hiyo pamba. Manyoya marefu, uso bapa kana kwamba aliwahi kujigonga ukutani, macho ya rangi ya shaba yasiyokauka machozi. Mjukuu huyo, Precious, alimleta kutoka Mwanza baada ya mwenye nyumba wake kukataa wanyama.

"Huyu ni wa Kiajemi, Bibi," alisema siku alipomleta. " Mpole kabisa. Angekuwa yule wa Siamu, mwembamba mwenye masikio meusi, angekulilia kutwa nzima akitaka mazungumzo."

Upole ulikuwa wa kweli. Panya walimpita puani, naye akawatazama kama wageni wa heshima.

Nyanjige alimwinua. Paka akamlegea mikononi, akaanza kukoroma kwa raha, na bibi akakosa hata nguvu za kumfokea. Alivuta bonge la pamba. Unywele ukafuata, na mwingine. Karani akiona manyoya ataiita fifi, pamba chafu ya bei ya chini, na mgongo ule alioupinda shambani peke yake tangu mvua za kwanza utakuwa umeumia bure.

"Mwadila, mayu," Minza, jirani yake, alisalimu kwa Kisukuma kutoka uani kwake. "Mbona umeduwaa?"

Nyanjige alimwonyesha.

"Ee! Huyu naye kazi yake hasa ni nini?"

"Kulala."

"Basi katuzidi sote."

Minza alivuka hadi mkekani. Alivua ndala, akaketi upande wa jua, akainua pamba kiganjani. Pamba haing'ai, ila unywele wa paka hung'aa, na jua la jioni liliuonyesha mmoja mmoja. Walichambua bonge kwa bonge. Nyanjige alipofumba macho kidogo, Minza alivuta fungu la mwenzake taratibu, akaendelea nalo kama vile lilikuwa lake.

"Hii ya juu aliyoilalia paka imeshindikana, mayu," alisema mwishowe. "Tuitie kwenye gunia lake peke yake. Tusichafue nyingine."

Asubuhi, penye mizani ya ushirika, karani alizamisha mkono guniani hadi kiwikoni, akatoka na pamba, akaigeuzageuza juani. Nyanjige aliangalia vidole vya karani tu.

"Safi."

Akafungua la pili. "Safi." Na la tatu vilevile. Kile kigunia cha mwisho hakukichungulia mara mbili. "Hii fifi, bibi."

"Najua, baba. Andika."

Karani akaandika. Minza alitandika kanga yake chini kando ya mizani, akamshika Nyanjige kiwiko.

"Kaa, mayu. Kwenye foleni ya malipo nitasimama mimi."