Vidonge vya Nyumba Mbili

Eufrasia alimeza vidonge vyake kwa uji wa mtama, kimoja cheupe na kimoja cha njano. Daktari wa Shinyanga mjini alimweleza polepole: hiki ni cha huzuni, hiki cha maumivu. Alikuwa amempa kiasi kidogo cha kila kimoja, kwa sababu vikikutana mwilini vinaongezeana nguvu. "Usivitenganishe, mama. Kimoja peke yake hakitakufikisha mbali."

Wiki ya tatu, asubuhi, maumivu yakatoka. Yalishuka kitandani kabla yake, yakajifunga kitenge, yakaenda nje. Yalikuwa mwanamke wa kimo chake, mwenye mimba ya miezi saba na kiroba cha mawe kichwani. Yakavuka uwanja na kusimama pembeni ya mumewe, Mabula, aliyerudi jana yake kutoka machimboni Geita. Eufrasia aliinama bila kushika kiuno, akafagia uwanja mzima huku akiimba. Alikuwa hajaimba tangu mwaka jana.

Majirani waliopita waliyasalimia, "Mwangaluka," na maumivu yakaitikia kwa adabu. Mama mkwe akayaletea kigoda. Hayakukaa, maana kiroba kilikuwa kizito.

Shida ilikuwa hicho kiroba. Mabula alikuwa amewaambia watu wote hapo Kishapu kwamba mkewe aliteleza kisimani kwa uzembe wake, akaumia mgongo na mimba ikaharibika. Hakusema kwamba ilikuwa Geita, kwenye njia ya kupeleka mawe ya dhahabu kwenye mashine ya kusaga, wala kwamba Eufrasia aliomba apumzike naye akamwambia, "Safari moja tu, basi." Sasa maumivu yalimfuata zizini, yakamfuata mpaka kilabuni. Mzee Bujiku, ambaye mdomo wake hauna breki, akamtania: "Mabula, kumbe kisima chenu kina mawe ya dhahabu? Tuonyeshe na sisi tukachote." Watu wakacheka, wakaendelea na pombe yao.

Jioni Mabula akawaita wake zake wote wawili. Alikuwa akisifika kwa usawa: mkubwa akiletewa khanga, mdogo naye anapata; kuku akichinjwa, paja moja huku, jingine kule. Akamimina vidonge kwenye sinia. Vyeupe akampa Eufrasia. Vya njano akampa Loveness, mke mdogo, ambaye hakuwa anaumwa hata kidole.

"Baba Vumilia, vinanywewa pamoja," Eufrasia alimwambia mumewe.

"Kwani mwenzako si mke?"

Mama mkwe akasema mwanamume wa kugawa namna hiyo siku hizi hapatikani. Eufrasia akamgeukia Loveness. Yeye ndiye aliyekwenda kumposea mumewe msichana huyo, akamsifu kwake, akampisha hata chumba chenye dirisha.

"Dada, nitafanyaje?" Loveness alisema, akiwa ameinamisha uso. "Nikikataa ataona namdharau." Akameza.

Hapo Eufrasia aliumia kuliko alivyoumia Geita. Mwaka mzima alimsitiri mwanamume huyu. Mbele ya wakwe, mbele ya padri, mbele ya mama yake mzazi, alikubali kwamba ni kisimani, akabeba jina la mzembe ili mumewe asiitwe muuaji wa mtoto wake. Naye Mabula, kwa kuogopa kusimamiwa pembeni na maumivu hayo, ameona heri mkewe aendelee kuumwa.

Asubuhi maumivu yaliamka kama kawaida, yakafika kizingitini, yakashindwa kuvuka. Uwanjani Mabula alikuwa amewasha redio, amenyoosha miguu, na pembeni yake hapakuwa na mtu. Bujiku alipita na ng'ombe wake, akampa hongera kwa ule mgawo wa vidonge aliousikia. Kiroba hakukiulizia.

Maumivu yakarudi kitandani na mzigo wake. Eufrasia akajisogeza ukutani kuyapa nafasi, akayasaidia kutua kiroba katikati yao. Yalipokuwa yanamwingia tena mgongoni, alimsikia mumewe kule nje akiuliza chai yake iko wapi.