Uzio wa Mama Anitha

Mzazi mwenye mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza, sikia yaliyompata Loisi wa Ipagala, halafu inuka ukaangalie mwanao anachezea nini.

Loisi alikuwa na mtoto mmoja tu, Anitha, wa miaka minne, aliyempata baada ya mimba mbili kuharibika. Ndiyo maana alikuwa mwoga. Akisikia pikipiki, anamvuta mtoto ndani. Mtoto akikohoa, yeye chakula hakipiti. Mumewe Obedi ndiye aliyeshikilia Anitha apelekwe kwa mwalimu Gladness, nje ya mji, njia ya Chamwino, ambako watoto wadogo hawakai kwenye madawati. Wanasomea chini ya mgunga. Wanahesabu kokoto, wanafuata siafu, wanapika ugali wa udongo kwenye makopo.

"Ukizidi kumfungia huyu," Obedi alimwambia, "atakuwa kama panya wa stoo."

Kwenye kikao cha wazazi Loisi akasimama. "Mwalimu, pale pako wazi. Ng'ombe wanapita, mbwa wanapita. Mbwa akiwa na kichaa je?"

Baba Fredy, mtu wa utani, akadakia, "Mama Anitha, na vipepeo tuwatafutie askari?"

Watu wakacheka. Loisi hakukaa. Mwalimu aliposema hela ya waya hana, akajibu, "Waya wa nini? Kwetu Mpwapwa tunazungushia minyaa. Unachomeka tu kijiti, mbuzi hali, mvua ikinyesha kimeshika."

Akaifuata mwenyewe kwa mama yake. Akaikata ile minyaa, vijiti vya kijani visivyo na majani, mikono kaifunga mifuko ya nailoni, uso kaugeuzia pembeni ili maziwa yake yasimrukie machoni. Nani alimfundisha kugeuza uso? Hata hakumbuki. Mtoto wa Mpwapwa anaujua mnyaa kama anavyoujua moto. Na kwa kuwa yeye anajua, haikumjia akilini kwamba yupo asiyejua. Mwalimu Gladness kwao ni mbali, na watoto wa Ipagala wamekulia ndani ya kuta za tofali.

Mvua ikanyesha, uzio ukashika, ukanenepa. Watu wakauita uzio wa Mama Anitha. Loisi akaanza kulala usingizi wa kueleweka.

Asubuhi moja watoto walikuwa wanapika. Udongo ulikuwa ugali, majani yalikuwa mboga, chai ikakosa maziwa. Anitha akaenda kwenye uzio wa mama yake, akavunja vijiti, maziwa yakatiririka meupe, mengi. Akawakingia wenzake kwenye kopo. Kisha jasho likamwingia jichoni, akajifuta kwa kiganja kilekile.

Alilia kilio ambacho mwalimu hakukipenda. "Ni mchanga huo," Gladness akasema. Maji ya ndoo yalikuwa yameishia kwenye udongo, kwa hiyo akamsugua jicho kwa pindo la kitenge. Simu alikuwa nayo mkononi, lakini akaona akimpigia Loisi atakuja na bodaboda akipiga yowe, kama alivyofanya siku mtoto alipochomwa na mwiba. Akairudisha mfukoni.

"Usideke, Anitha. Mama yako ndiye kakuharibu. Kaa hapo mpaka unyamaze."

Akamkalisha peke yake, uso umeuelekea mti. Wenzake wakamzunguka wakiimba, "Mlizi, mlizi, kamwite mama." Mwalimu hakuwakataza.

Saa za kuchukua watoto, Loisi alikuta jicho limefumba, limevimba kama kitumbua. Akamshika mkono, kiganja chake kikanasa. Kwenye mkono wa gauni kulikuwa na utomvu ulioanza kukauka, unavutika kama gundi. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

Hospitalini daktari alisema, "Huyu angesafishwa kwa maji mengi palepale, tungekuwa tunazungumza mengine." Jicho la kushoto lilikuwa salama. La kulia likabaki na utando mweupe, halioni hata mwanga wa taa.

Loisi akaenda kwenye uzio na panga. Gladness alikuwepo, na Baba Fredy amekuja kumchukua mwanawe.

"Si uliutaka mwenyewe, Mama Anitha?" Baba Fredy akasema, safari hii bila kucheka.

"Na ulijua," mwalimu akaongeza. "Ulijua, ukatuletea, ukanyamaza."

Loisi akainua panga. Akakata. Alikata mpaka mikono ikawaka moto kwa maziwa, vijiti vikamwagika huku na kule, nje na ndani, hata pale watoto wanapopikia. Akaviacha, akaondoka.

Nyumbani Obedi hakumuuliza alikotoka. Alisema neno moja tu, bila kupandisha sauti: "Bora ungemwacha ang'atwe na mbwa."

Darasa la porini linaendelea. Wamekuja watoto wapya, wa wazazi wasiomjua Loisi. Mvua za mwaka huu zilipoanza, alipita pale na Anitha, ambaye siku hizi hugeuza kichwa kizima kutazama kilichoko kulia kwake. Vile vijiti alivyovikata vilikuwa vimeota, kila kimoja pale kilipoangukia.

"Mama," Anitha akasema, "chai yangu imeota."

Chini ya mgunga, watoto walikuwa wanapika.