Maji ya Chupa ya Bibi Ludovika

Kila mwezi, siku saba kabla ya hedhi, Hilda aliisikia sauti yake mwenyewe ikiimba wimbo wa kubembeleza mtoto huko nje zizini, ilhali midomo yake imefumbwa. Sauti ilimwita atoke na mwanawe, ampeleke korongoni. Damu ilipoanza, sauti ilikoma. Felician alikuwa na miezi mitano, na mama yake aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Kisha akapata dawa ya mizizi ya Bibi Ludovika wa Gehandu, chupa moja kila mwezi, aliyokabidhiwa mnadani na Juliana, mkwe wa bibi. Ilikuwa chungu ajabu. Miezi mitatu aliinywa, na zizi likawa kimya.

Nesi Saumu, aliyehamia zahanati ya kijiji chao kutoka Pangani, alikuwa amempa daftari la kuandika hali yake kila siku. Alipolisoma alisema, "Dada Hilda, twende kwa bibi. Dawa ya namna hii haifai kuachwa bila kupimwa."

Walimkuta Juliana akichambua maharage.

"Shikamoo, mama," alisema Hilda. "Tumekuja kuiona mizizi."

"Marahaba. Mizizi ipi? Bibi amelala ndani, tangu mwaka jana hakumbuki hata jina langu."

"Na chupa zangu?"

"Maji ya mvua. Ninyi wagonjwa mlikuja mnalia, ningewafukuza?"

Saumu aliichukua chupa ambayo Hilda alikuja nayo, akamimina kidogo kifunikoni, akasema bismillahi, akaonja. Yalikuwa maji. Hilda alionja, uso ukamkunjamana.

"Mbona ni chungu vilevile?"

"Ni maji, dada. Siwezi kukuficha. Naona kilichokutuliza ni imani yako."

Hilda akaonja tena. Safari hii uso wake haukukunjamana.

Wiki mbili baadaye, Saumu alikuwa nyumbani, ametoka kuswali adhuhuri, Hilda alipoingia na mtoto mgongoni.

"Mpokee," alisema. "Maji yamekuwa maji."

"Kaa hapa kwangu. Kesho tunapanda basi la Haydom. Kuna madaktari wanaoijua hali hii, na dawa zilizopimwa."

Hilda aliitikia kwa kichwa, akaketi, midomo imefumbwa. Saumu akampakata mtoto.

Ndipo wimbo ulipoanza nje, nyuma ya ukuta, kwa sauti ya Hilda.

Saumu alitaka kuamini kwamba ni upepo. Lakini Felician aligeuza shingo taratibu kuelekea dirishani, akatabasamu, akanyoosha mikono.